Uzi maalumu: Manukuu ya papo hapo kwenye matangazo mubashara ya kampuni, na kwa nini mashine isiachwe peke yake

MWANZISHA MADA

Wanajamvi, salaam. Nimeona maswali mengi kuhusu namna ya kuweka manukuu ya papo hapo, yaani maandishi ya kinachosemwa yanayotokea kwenye skrini, katika matangazo mubashara ya kampuni, iwe ni mkutano mkuu wa wanahisa, uwasilishaji wa matokeo ya fedha, uzinduzi wa bidhaa au mafunzo ya mawakala, na majibu mengi huishia kwenye ushauri mmoja tu: washa kitufe cha manukuu ya otomatiki. Kwa matangazo ya Kiingereza ushauri huo unaweza kukufikisha mbali. Kwa Kiswahili, na hasa kile Kiswahili cha ofisini kinachoingiliwa na Kiingereza katikati ya sentensi, hautoshi. Msimamo wangu ni kwamba lazima awepo mtu kati ya mashine na skrini ya mtazamaji, na kwamba mtu huyo apewe sekunde za kufanya kazi yake.

Tuanze na mashine yenyewe. Google waliongeza Kiswahili kwenye utambuzi wa sauti mwaka 2017, pamoja na Kiamhari, na leo huduma za wingu za Google na Microsoft zinatenganisha Kiswahili cha Kenya na cha Tanzania, kwa hiyo jambo la kwanza la kukagua ni kama fundi amechagua kile kinachofaa. Kisha kuna Whisper, programu huria iliyotolewa na OpenAI mwaka 2022, ambayo inaweza kuendeshwa kwenye kompyuta yako mwenyewe bila kutuma sauti kwa mtu yeyote. Ilifundishwa kwa saa 680,000 za sauti, lakini katika hizo ni takriban saa 117,000 tu zilizogawanywa baina ya lugha 96 zisizo Kiingereza, na lugha za nchi tajiri ndizo zilizochukua sehemu kubwa. Zaidi ya hayo, Whisper iliundwa kusoma sauti kwa vipande vya sekunde 30, hivyo wanaoitumia kwa matangazo mubashara hulazimika kuikatia sauti vipande vifupi, na panapokuwa na ukimya au makofi wakati mwingine huandika maneno ambayo hakuna aliyeyasema. Mradi wa Common Voice wa Mozilla, ambao mwaka 2021 ulipata dola milioni 3.4 kwa ajili ya Kiswahili, umekusanya sauti za watu wa kawaida zinazotumika bure, na hilo ni jambo la kushukuru. Hata hivyo, mtu anayesoma sentensi moja mbele ya simu yake chumbani hafanani na mwenyekiti wa bodi anayezungumza ndani ya ukumbi unaovuma mwangwi, huku akigeuka kumtazama mhasibu.

Sasa niseme linalonisumbua zaidi. Katika Kiswahili, ukanushi na wakati hukaa ndani ya silabi, tena silabi ambayo mzungumzaji mwenye haraka huimeza. "Gawio halitalipwa" na "gawio litalipwa" zinatofautiana kwa silabi moja tu, na mashine ikiidondosha, sentensi inayobaki ni sahihi kisarufi na inaeleweka kabisa, ila ni uongo. Kipimo ambacho wauzaji wa huduma hizi hupenda kukitaja huhesabu maneno yaliyobadilishwa, yaliyodondoshwa na yaliyoongezwa, kisha hugawanya kwa jumla ya maneno. Kwa kipimo hicho, kulipotosha gawio ni kosa lenye uzito sawa na kuandika "hivo" badala ya "hivyo".

Kipo kipimo chenye busara zaidi kiitwacho NER, kilichotungwa na Pablo Romero-Fresco na Juan Martínez, na ambacho Ofcom, mamlaka ya utangazaji ya Uingereza, ilikitumia kati ya 2013 na 2015 kukagua manukuu ya televisheni. Humo kila kosa hupewa uzito: 0.25 kwa kosa dogo, 0.5 kwa la kati, na 1 kwa kosa zito, yaani lile linalompa mtazamaji habari ya uongo asiyoweza kuigundua. Kiwango cha kukubalika ni asilimia 98. Msikipokee kiwango hicho kwa shangwe, kwa sababu msemaji anayetamka maneno 100 kwa dakika anaweza kunukuliwa kwa makosa mawili mazito kila dakika na bado akafikisha 98. Kwa tamasha la muziki hilo linavumilika. Kwa taarifa ya faida na hasara halivumiliki hata kidogo.

Kabla ya kumfikia huyo mtu wa katikati, kuna mambo mawili yanayopunguza kazi yake kuliko programu yoyote ya bei ghali. La kwanza ni sauti. Mashine isipewe sauti iliyochanganywa na muziki wa kuingilia, makofi na mwangwi wa spika. Fundi wa miksa atoe njia ya pembeni yenye vipaza sauti vya wazungumzaji pekee, na kila mzungumzaji avae cha kifuani chake badala ya kupokezana kimoja cha mezani. La pili ni orodha ya maneno. Huduma kubwa za wingu zinakubali kupewa mapema majina na istilahi zinazotarajiwa, na hapo ndipo unapoingiza majina ya wajumbe wa bodi, majina ya bidhaa, na vifupisho kama BRELA, TRA na DSE, ambavyo mashine isiyojulishwa huvigeuza kuwa maneno ya ajabu.

Halafu mhariri. Utaratibu ninaoupendekeza ni huu: mashine iandike, maandishi yatokee kwanza kwenye skrini ya mhariri, naye ayasahihishe na kuyaachia. Mhariri huyu si lazima awe mpiga chapa hodari, bali awe mtu anayeijua biashara inayozungumzwa, aliyeisoma hotuba kabla ya siku yenyewe, na mwenye masikio ya kunasa "ha-" na "si-". Ipo njia nyingine, ambayo BBC waliianza mapema miaka ya 2000: mtu hukaa kwenye chumba kimya, husikiliza msemaji kwa vifaa vya masikioni, na huyarudia maneno kwa sauti iliyo wazi, pamoja na kutamka alama za uandishi, huku mashine ikimsikiliza yeye peke yake. Kwa Kiswahili naiona njia hii inafaa sana, kwa sababu mrudiaji anaweza kutamka silabi ya ukanushi kwa mkazo na kuunyoosha mchanganyiko wa lugha, ingawa kazi hiyo inachosha na huhitaji watu wawili wa kupokezana.

Haya yote yanahitaji muda, na watu wa matangazo huogopa kuchelewa kuliko wanavyoogopa kukosea. Kwenye chumba cha kuongozea matangazo cha YouTube upo mpangilio wa kuchelewesha picha kwa sekunde 30 au 60. Mwandishi wa manukuu akipewa nafasi hiyo, na maneno yake yakitumwa yakiwa na alama za muda, mtazamaji huyaona yanakwenda sambamba na midomo ya msemaji. Hakuna mtazamaji wa matokeo ya robo mwaka atakayedhurika kwa kuyapokea nusu dakika baadaye.

MCHANGIAJI (NAIROBI)

Asante kwa mada hii, ndugu. Ninafanya kazi katika ofisi ya katibu wa kampuni, na kwetu jambo hili lilikuja kwa ghafla. Aprili 2020 Mahakama Kuu hapa Nairobi iliruhusu kampuni zilizoorodheshwa kwenye soko la hisa kufanya mikutano mikuu kwa njia ya mtandao, na marekebisho ya sheria za biashara ya 2021 yakaweka msingi wa mikutano hiyo, pamoja na ile ya mseto. Wanahisa wetu wengi ni wazee waliostaafu, walionunua hisa zamani, na wengi wao masikio yameanza kupungua nguvu ingawa hawatakubali kuitwa watu wenye ulemavu. Maswali yangu ni mawili. Je, manukuu hayo yanaweza kutumiwa baadaye kama ushahidi dhidi ya kampuni, ikiwa yamekosea? Na je, wanasheria wetu wana haki ya kusita pale tunapotuma sauti ya mkutano kwenye seva zilizo nje ya nchi?

MWANZISHA MADA

Maswali mazuri, dada, na la pili ndilo zito zaidi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Zote mbili zinaweka masharti ya kusafirisha taarifa za watu nje ya mipaka, na sauti ya mwanahisa anayejitambulisha kwa jina kabla ya kuuliza swali ni taarifa binafsi. Wanasheria wenu waone mkataba wa mtoa huduma kabla ya siku ya mkutano, wajue sauti inahifadhiwa wapi, kwa muda gani, na kama inatumiwa kufundishia mashine. Ikiwa jibu haliridhishi, basi mfumo unaoendeshwa ndani ya kompyuta yenu ndiyo njia, hata kama usahihi wake unapungua kidogo na mhariri anaongezewa kazi.

Kuna hatari nyingine ambayo sijaona ikitajwa mahali popote. Ile orodha ya maneno niliyoisifu hapo juu, na hotuba atakayopewa mhariri aisome mapema, zinaweza kubeba siri za soko. Kampuni iliyoorodheshwa haipaswi kupakia kwenye huduma ya nje takwimu za faida ambazo hazijatangazwa. Pakia majina na istilahi, tarakimu ziache. Mhariri naye, kama atasoma hotuba yenye takwimu usiku wa kuamkia mkutano, aingizwe kwenye orodha ya watu wanaojua taarifa za ndani, kama wanavyoingizwa wakaguzi na wachapaji wa ripoti.

Kuhusu ushahidi, wekeni tamko fupi mwanzoni mwa matangazo na kwenye maelezo ya video kwamba kumbukumbu rasmi ni muhtasari uliotiwa saini na taarifa ya fedha iliyochapishwa. Baada ya mkutano, pakueni maandishi yote, yasahihisheni kwa utulivu, na muyapakie upya kwenye video iliyohifadhiwa. Kuiacha video yenye manukuu mabovu ikae mtandaoni mwaka mzima ni uzembe ambao tamko halitaufunika.

MCHANGIAJI (DODOMA)

Mimi ni kiziwi, nilipoteza usikivu nikiwa mtu mzima, kwa hiyo nasoma Kiswahili vizuri na manukuu ndiyo mlango wangu. Naomba mafundi mnaosoma uzi huu mzingatie mambo ambayo hayana uhusiano wowote na mashine.

Manukuu mengi ninayoyaona huandikwa, hufutwa na kuandikwa upya mbele ya macho yangu, kwa sababu mashine hubadilisha mawazo yake kila inaposikia neno jipya. Kwa anayesikia ni jambo dogo, kwa kuwa hayategemei. Kwangu ni sawa na kusoma kitabu huku mtu akinivuta ukurasa. Achieni sentensi ikiwa imekamilika, au angalau kipande kilichotulia, hata kama kitachelewa. Jambo la pili ni mahali. Manukuu hukaa chini ya skrini, na hapo hapo chini ndipo kampuni huweka mkanda wenye jina la msemaji, nembo, na mstari wa mwisho wa jedwali, ambao kwa kawaida ndio wenye jumla ya hesabu. Watengenezaji wa slaidi waache sehemu ya chini wazi. Na tafadhali andikeni nani anazungumza. Wakati wa maswali mimi huona maandishi yanayoendelea tu, na sijui kama aliyeahidi jambo ni mkurugenzi mkuu au ni mwanahisa anayetoa maoni.

MCHANGIAJI (MWANZA)

Kwa heshima zote, naona tunaongeza gharama pasipo sababu. Kampuni ikimweka mkalimani wa lugha ya alama pembeni ya skrini imekwisha timiza wajibu wake. Hata sheria ya Kenya ya watu wenye ulemavu ya 2003, katika kifungu cha 39, ilivitaka vituo vya televisheni viweke mkalimani wa alama au manukuu katika taarifa za habari. Ilisema "au". Sasa kwa nini sisi wafanyabiashara wadogo tudaiwe vyote viwili?

MCHANGIAJI (DODOMA)

Ndugu yangu wa Mwanza, nilieleza kwamba nilipoteza usikivu ukubwani. Sijui lugha ya alama, na tuko wengi wa namna hiyo. Kwa upande mwingine, rafiki zangu waliozaliwa viziwi wanatumia Lugha ya Alama ya Tanzania kama lugha yao ya kwanza, na Kiswahili cha maandishi kwao ni lugha ya pili waliyoipata shuleni kwa shida, hivyo manukuu yenye istilahi za kihasibu hayawafikishi popote bila mkalimani. Huduma hizi mbili zinahudumia watu tofauti. Kama mfuko unaruhusu moja tu, waulizeni watazamaji wenu kwenye fomu ya kujiandikisha, au muwasiliane na CHAVITA, chama cha viziwi Tanzania, badala ya kuamua kwa niaba yetu.

MWANZISHA MADA

Sina la kuongeza kwa dada wa Dodoma, ila kumweleza ndugu wa Mwanza kuhusu gharama. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2021, lilikadiria kwamba watu milioni 430 wana upotevu wa usikivu unaohitaji huduma. Kwa hesabu ya biashara, waongeze wateja wanaotazama ndani ya daladala simu ikiwa kimya, na wale wa Bujumbura au Goma ambao Kiswahili chao kina lafudhi nyingine na maandishi huwasaidia. Utambuzi wa sauti hulipiwa kwa dakika na kwa tukio la saa mbili gharama yake ni ndogo kuliko ya maua ya jukwaani. Gharama halisi ni mhariri. Watu wa kazi hii wapo: waandishi wa taarifa rasmi za Bunge, makarani wa mahakama, waandishi wa habari waliozoea kunukuu hotuba. Hata Mahakama ya Tanzania imeanza kutumia mfumo wa kunukuu na kutafsiri mienendo ya mashauri, na bado binadamu ndiye anayesahihisha.

Ukiwa na kampuni ndogo kabisa, Zoom inamruhusu mwenye mkutano kumteua mshiriki mmoja aandike manukuu kwa mkono. Mfanyakazi mmoja mwenye vidole vyepesi, anayeandika kiini cha kila sentensi badala ya kila neno, atakuwa na faida kuliko mashine isiyosimamiwa. Nasema hivyo nikijua kwamba wapo watakaobisha.

MCHANGIAJI (ARUSHA)

Mimi ni fundi wa matangazo, na natumia OBS, programu ya kompyuta ya kurushia video. Naomba ufafanuzi wa njia ya kupitishia maandishi, kwa kuwa nimesikia habari za kuyachoma kwenye picha, kuyapachika ndani ya mkondo, na kuyatuma pembeni. Pia, intaneti ya hoteli nyingi ni dhaifu. Kutuma sauti kwenye wingu na wakati huo huo kurusha video hakutaiua?

MWANZISHA MADA

Nianze na intaneti kwa sababu jibu lake ni la hesabu tupu. Sauti ya mkondo mmoja yenye sampuli 16,000 kwa sekunde na biti 16 kwa kila sampuli ni kilobiti 256 kwa sekunde, yaani takriban megabaiti 115 kwa saa hata bila kubanwa. Video ya megabiti 4.5 kwa sekunde hula kama gigabaiti 2 kwa saa hiyo hiyo. Sauti si tatizo, ila ipitishe kwenye laini tofauti, hata ya simu, ili video ikiyumba manukuu yasiyumbe nayo.

Kuchoma maandishi kwenye picha kunafaa pale unaporusha kwenye mitandao kadhaa kwa pamoja na huna uhakika kila mmoja utaonyesha manukuu. Hasara yake ni kwamba mtazamaji hawezi kuyazima wala kuyakuza, na kosa likishaingia kwenye picha halitoki. Kuyapachika ndani ya mkondo hufuata kiwango cha zamani cha televisheni ya Marekani, CEA-608, ambacho OBS inakiweza, na programu za nje zinaweza kuipelekea OBS maandishi kwa WebSocket, yaani njia ya programu mbili kuwasiliana moja kwa moja. Kiwango hicho kina herufi 32 tu kwa mstari. Kwa Kiingereza zinatosha. Kwa maneno yetu marefu, "Wanahisa hawatalipwa gawio la" peke yake imekula herufi 29, hivyo mhariri ajizoeze kukata mstari mahali ambapo maana haikatiki. Njia ya tatu, kutuma maandishi pembeni kwa kiungo maalumu ambacho YouTube au Zoom hukupa, ndiyo ninayoipendelea kwa mikutano ya biashara, kwa kuwa haigusi kompyuta inayorusha video na mhariri anaweza kukaa mji mwingine. Kiungo hicho kilindwe kama nywila, maana yeyote aliye nacho anaweza kuandika chochote chini ya picha ya mwenyekiti wenu.

MCHANGIAJI (NAIROBI)

Nina swali la mwisho. Wawekezaji wetu wa nje wanataka tafsiri ya Kiingereza itokane na manukuu hayo hayo ya Kiswahili. Tena, tukichelewesha picha kwa sekunde 30, wanahisa watapigaje kura kwa wakati?

MWANZISHA MADA

Kura na maswali visipitie kwenye video iliyocheleweshwa. Wanahisa wenye haki ya kupiga kura waingie kwenye chumba cha mkutano kisicho na ucheleweshaji, na mwenyekiti aache dirisha la kura wazi kwa dakika kadhaa. Video ya YouTube iwe ya umma na waandishi wa habari. Ndani ya chumba hicho manukuu yatatangulia uhariri, na hilo lisemwe wazi, lakini kila azimio linalopigiwa kura liwekwe kwenye slaidi kwa maneno yake kamili, mhariri akiwa ameyabandika tayari, ili pasiwe na mtu anayepiga kura kwa kutegemea kilichosikiwa na mashine.

Kuhusu tafsiri ya mashine, itoeni kwenye maandishi yaliyokwisha kuhaririwa tu, kwa sababu tafsiri hulirithi kosa na kulipamba. Wazungumzaji waelekezwe kutaja tarehe na tarakimu zilizo kwenye slaidi, na muda wautaje kwa namna isiyopotosha: mkurugenzi akisema taarifa itatoka "saa nane mchana", mashine inaweza kumwandikia mwekezaji wa London saa nane kwa hesabu yake, wakati sisi tunamaanisha 14:00. Mhariri aandike 14:00 moja kwa moja, pamoja na saa za Afrika Mashariki.

Na kabla ya yote, fanyeni jaribio ukumbini siku moja kabla, kwa vipaza sauti vile vile na msomaji wa hotuba yule yule. Manukuu yakikatika wakati wa tukio, mhariri awe na ujumbe ulioandaliwa wa kuwajulisha watazamaji, na mtu mmoja atajwe mapema kuwa ndiye atakayeandika kwa mkono mpaka huduma irudi.